Nani Anakula Diski ya Chama?

Wiki jana niliwaacha kwenye ngazi, nimemkunja shati mkwe wa mwenyekiti, naye anapiga mayowe kwamba hajala nafasi ya mtu. Nilimwachia. Si kwa huruma. Shati lilikuwa jepesi, lingechanika ningeambiwa nilishone.

Kama umeingia leo, shika haya utembee nayo. Sisi ni chama cha watu waliobaki baada ya kiwanda cha mablanketi kufungwa. Tuna chumba kimoja juu ya duka la magodoro, meza, benchi, printa inayokohoa, na kompyuta moja. Mimi ni katibu. Kompyuta hakunifundisha mtu. Nilijifunza kwa kubonyeza, ikininunia nabonyeza pengine.

Ndani ya kompyuta hiyo kuna sauti. Niliwarekodi wenzetu wakieleza siku bomba la mvuke lilipopasuka: nani alionywa mapema, nani alijifanya kiziwi. Na kuna sauti ya kaka yangu, iliyorekodiwa akiwa amelala kwenye benchi hilo hilo, mapafu yamekwisha. Sasa yuko kaburini. Picha zake zote amefumba macho. Sauti ndiyo iliyobaki.

Wakili anakuja Jumatatu na diski yake kuzichukua, kwa kesi yetu dhidi ya mwenye kiwanda. Flashi yangu aliiazima mwenyekiti kwa ajili ya nyimbo za harusi ya bintiye, ikarudi imekufa. Sijamsamehe, wala sina mpango huo.

Tatizo ni kwamba kompyuta inajaa yenyewe. Leo mstari wa nafasi ni mweupe hadi katikati, kesho umekuwa mwekundu kama jicho la mlevi. Ikijaa, haichapi kadi za harusi, na kadi za harusi ndizo zinazotuwashia taa. Mwenyekiti akatoa amri: ikijaa tena kabla ya Jumatatu, sauti zifutwe.

"Waliokufa hawahitaji nafasi, Katibu," alisema. "Maharusi wanahitaji."

Mtu huyo ndiye tuliyemchagua kutuongoza.

Siku ya kwanza baada ya amri hiyo nilimshuku mwenyekiti kwa sababu ya kawaida tu: ni mwenyekiti. Mimi sisahau. Kiwandani alikuwa mpiga filimbi wa zamu. Siku ya mgomo alipuliza filimbi ya kuingia kazini kwa mazoea, na wenzetu, kwa mazoea, wakaingia. Mgomo ukafia getini. Mpaka leo anasema alikuwa anajaribu kama filimbi inafanya kazi.

Nikapekua folda yake. Nikakuta video ya harusi ya bintiye, yote, kuanzia wanapopanga viti. Karibu yote ni mgongo wa mwenyekiti akicheza.

Nikaifuta. Nakiri nilisikia raha.

Mstari ukawa mweupe. Nikamwita shemeji, mjane wa kaka yangu, ambaye ndiye anayechapa kadi.

"Njoo uone mwizi alivyokamatwa."

"Umefuta harusi ya watu, shemeji?"

"Nimefuta mgongo wa mtu."

Alicheka mpaka akaegemea printa. Kisha akasema kwa sauti nyingine: "Muhimu ni mume wangu asiguswe. Sauti ile haifutwi na mtu. Hata wewe."

"Nani amguse? Folda ya Sauti sijaifungua tangu mazishi. Siwezi."

"Na mimi ukaninyima nisimsikie."

"Subiri wakili achukue kwanza. Tutasikiliza sote."

Jioni hiyo nilishuka ngazi nikipiga mluzi. Shemeji alibaki kumalizia kadi, kama kawaida yake.

Nafasi niliyoikomboa kwenye mgongo wa mwenyekiti haikudumu. Ijumaa asubuhi nilifungua mashine, nikakuta nyekundu tupu.

"Shemeji, jana jioni ulichapa nini?"

"Kadi za yule bibi harusi mwenye majina mengi. Kwani?"

"Nafasi imekwenda."

"Imekwenda wapi?"

"Ningejua si ningeifuata?"

Mwenyekiti akaingia na mkwe wake nyuma. Huyu mkwe tunamwita Injinia. Ana cheti, ana begi lenye mifuko mingi, na ana tabia ya kukausha mikono kwa leso kabla ya kugusa kibodi, kana kwamba anakwenda kupasua mtu. Ndiye niliyemkunja ngazini.

"Nimesikia imejaa," mwenyekiti akasema. "Basi tufute."

"Umesikia kwa nani? Mimi mwenyewe nimeiona sasa hivi."

Akakohoa. Mwenyekiti akibanwa hukohoa, na printa humjibu.

Injinia akasema, "Mzee Katibu, tusibahatishe. Kuna programu inapima kila folda na kuonyesha ipi imenona. Kazi ndogo tu."

"Utapima nini wewe? Wiki jana ulisema ni virusi."

"Wiki jana hukuniruhusu nikae."

"Na leo hukai."

"Nipime hata hiyo folda ya Sauti. Siifungui, naitazama uzito tu."

Nilisimama. Watu wote wa dunia hii wanajua nikisimama kinachofuata.

"Bwana mdogo, nikufundishe kitu ambacho cheti chako hakina. Wale watu walishasema walichosema. Wengine wamekufa. Sauti ya mtu aliyekwisha kusema haiongezeki uzito! Unataka kupima ili mkono wako uteleze, mkweo apate kadi zake. Toka!"

Injinia akakunja leso. Mwenyekiti akasema, "Kesho kuna mkutano wa wanachama. Wataamua wao."

"Wataamua nini? Wale wanaamua? Wale hata mlango wakikuta umeandikwa 'sukuma' wanauliza nani ameandika!"

Shemeji akaniambia polepole, "Shemeji, dirisha liko wazi."

"Na wasikie!"

Hapo ndipo jicho langu liliangukia skrini. Nilikuwa nimeacha wazi kidirisha kinachoonyesha nafasi iliyobaki. Namba ilikuwa inashuka. Mbele ya macho yangu, hakuna anayegusa kitu, inashuka.

Nikanyamaza kwa mshangao.

Namba ikasimama.

"Umepatwa na nini?" mwenyekiti akauliza.

Namba ikashuka.

Nikawaweka nje wote wawili, nikafunga mlango. Nikakaa kimya mbele ya skrini. Kimya, namba imetulia. Nikakohoa. Ikashuka kidogo. Nikalitukana lile kabati la mafaili, ambalo halijanikosea kitu. Ikashuka. Nikaanza hotuba yangu ya siku ya mgomo, ile yenyewe, na namba ikaporomoka kama ndoo kisimani.

"Shemeji," nikanong'ona, "njoo hapa. Sema kitu."

"Niseme nini?"

"Chochote. Umesema tayari. Tazama!"

Akatazama. Nikasogeza mdomo kwenye sikio lake.

"Hii mashine inasikiliza. Mtu ameweka sikio humu ndani. Kila tunachosema hapa kinarekodiwa."

Nilitegemea atapiga kelele. Shemeji ni mtu wa kelele. Lakini alisimama tu, kadi mkononi, rangi ya midomo imempotea.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu inajaa. Wiki nyingi."

"Hata... hata kama wewe hupo?"

"Hata kama hakuna katibu, shemeji. Sikio haliendi likizo."

Akaweka kadi mezani, akachukua mkoba wake, akasema kichwa kinamuuma. Nikamhurumia. Nikadhani amekasirika kwa niaba yangu.

Sasa nani ameweka sikio? Hebu jiulize. Nani ana mkwe wa kompyuta? Nani alijua imejaa kabla sijamwambia mtu? Nani atapata faida mwenye kiwanda akijua tumepanga kumweleza nini wakili? Sikuhitaji cheti.

Jumamosi mchana chumba kilijaa. Walikuja wote wale ambao kwenye kazi ya kujitolea huwa wanaumwa. Bibi Nyuzi, aliyekuwa anaunga nyuzi zilizokatika, alikaa mbele kwa kuwa haoni mbali. Baba Boila, aliyekuwa anachochea moto wa mtambo wa mvuke, alikaa mbele kwa kuwa hasikii mbali. Shemeji alikaa nyuma, karibu na ukuta. Mwenyekiti alivaa koti.

Nikaomba nafasi ya kwanza. Sikukaa.

"Ndugu zangu! Mnaambiwa chagueni kadi au sauti. Uongo! Nafasi ya diski yetu inaliwa na sikio. Kuna mtu ndani ya chumba hiki ameitega mashine hii iturekodi, mchana na jioni, tukipanga, tukilia, tukisali. Mtu huyo ni nani?"

Nikamtazama mwenyekiti mpaka wote wakamtazama.

"Amesema nini?" Baba Boila akauliza.

"Amesema kuna sikio," Bibi Nyuzi akamjibu sikioni.

"La nani?"

"Ndiyo tunaulizana."

Nikaendelea. Nina uzoefu na watu hawa. Ukiwaachia ushahidi kwanza, watauhurumia. Unawabana kwanza, ushahidi baadaye.

"Kabla hatujafungua mashine, tupitishe azimio. Aliyeweka sikio hili, awe nani, awe na cheo gani, afukuzwe chamani leo hii, na kila kilichorekodiwa kwa hila hiyo kifutwe. Wanaokubali?"

Mikono ikapanda kama majani. Hata mwenyekiti alinyoosha. Nikasema moyoni, nyoosha, kondoo wewe, unajinyoa mwenyewe.

"Imepita! Injinia, kaa hapo. Leo ndiyo upime. Pima mbele za watu."

Akakausha mikono kwa leso. Akaweka programu yake. Skrini ikajaa miraba ya rangi, mikubwa na midogo, kila mmoja ni folda. Mraba mmoja wa manjano ulikuwa umeisukuma mingine yote ukutani.

"Huu ndio ulionona," Injinia akasema. "Mwingine haufikii hata kidole chake."

"Soma jina lake kwa sauti."

"Sauti."

"Ndiyo, kwa sauti!"

"Ndilo jina lake, mzee. Folda ya Sauti."

"Haiwezekani."

"Ina mafaili mengi mno, na la mwisho bado linaandikwa. Linaongezeka sasa hivi. Hapo uliposema 'haiwezekani', limeingiza."

Watu wakasogea. Injinia akabonyeza pembeni ya saa, pale chini kulia, ambako kuna vialama vidogo ambavyo mimi sijawahi kuvigusa kwa sababu havijawahi kunigusa. Programu ya kurekodi ikafunguka. Naijua. Nyekundu na nyeusi.

Mimi ndiye niliyeiweka.

"Imewekwa ianze ikisikia mtu anaongea, isimame pakiwa kimya," Injinia akasoma. "Akaunti ni ya katibu."

Basi nikakumbuka. Ilikuwa siku ile ya kaka. Tulimpandisha ngazi kwenye kiti, tukamlaza kwenye benchi. Alikuwa anasema maneno mawili, anapumzika, anasema tena. Kimya chake kilikuwa kirefu kuliko maneno yake. Nami, bingwa wa kujifundisha, nikaona tutapoteza nafasi bure kurekodi kimya. Nikaitegesha iamke akisema na ilale akipumzika. Kubana matumizi!

Alipomaliza, nikabonyeza ule msalaba wa juu, dirisha likafungika, nikajua nimezima. Haikuzima. Ilijificha pale karibu na saa, na kila asubuhi mashine ikiwashwa nayo inaamka. Maikrofoni iko bado chini ya meza, nimeibandika mwenyewe kwa utepe.

Wiki zote hizo mashine ilikuwa inamngojea kaka yangu aongee tena. Badala yake ikapata mimi.

"Tusikie basi kuna nini," akasema mwenyekiti. Uso ulimng'aa. "Tusikie sikio la Katibu."

"Hapana haja..."

"Azimio ni lako."

Injinia akabonyeza faili lolote. Kwenye spika ikatoka sauti nene, yenye kujiamini, ambayo sikuitambua mara moja kwa sababu haikuwa kichwani mwangu.

"Wale hata mlango wakikuta umeandikwa 'sukuma' wanauliza nani ameandika!"

Wengine walicheka. Wakadhani ni mzaha wa redio.

"Jingine," mwenyekiti akasema.

"Bibi Nyuzi? Yule kiwandani alikuwa anaunga nyuzi, sasa anaunga uongo. Ukimuuliza saa anakupa ukoo wake."

Hakucheka mtu. Bibi Nyuzi hakugeuka. Alirekebisha mtandio wake polepole, kama mtu anayefunga mzigo.

"Jingine."

"Baba Boila alikuwa kiziwi tangu anazaliwa, asisingizie boila. Tukimpeleka mbele ya wakili atajibu swali la wiki iliyopita."

"Amesema nini?" Baba Boila akauliza.

Akauliza tena, safari hii akinitazama mimi. "Katibu, umesema nini?"

Mwaka mzima nimeongea kwa niaba ya mtu yule.

Mwenyekiti akasimama katikati ya chumba kama anataka kupuliza filimbi. "Ndugu wanachama, azimio limeshapita. Aliyeweka sikio ametoka chamani. Na kilichorekodiwa kifutwe. Injinia, chagua folda nzima, ufute."

"Kaka yangu yumo humo!"

Ilinitoka kama mtoto. Injinia akasimamisha mkono. Huyu niliyemkunja shati, huyu wa leso, ndiye peke yake aliyenitazama kama mtu.

"Mkwe, mashahidi nao wamo," akamwambia mwenyekiti. "Mafaili hayana majina, yana namba tu, na tarehe zimevurugika kwa sababu saa ya mashine hii hupotea kila umeme ukikatika. Kumpata marehemu lazima tusikilize moja moja."

"Yote?"

"Mpaka tumpate."

Nikayatupia macho yale mafaili, orodha isiyo na mwisho, kila moja ni mdomo wangu. Kumfikia kaka lazima nipite mbele ya kila mtu niliyemtukana, akiwa amekaa hapo, anasikia.

Bibi Nyuzi ndiye aliyesema. "Marehemu alikuwa mwenzetu. Alinibeba siku ya mvuke. Mimi nitakaa nisikilize. Huyu mwingine matusi yake hayaniui." Hakulitaja jina langu wala cheo. "Cheza, mwanangu."

"Lakini azimio..." mwenyekiti akaanza.

"Kaa chini, wewe. Filimbi imekwisha."

Watu wakaguna kukubali. Benchi likavutwa. Baba Boila akasogezwa mpaka sikio lake likagusa spika. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kuwadharau, nilitaka kumshika mtu mkono, nikakosa wa kumshika. Nikageuka kumtafuta shemeji.

Shemeji hakuwa kwenye kiti chake. Alikuwa amesimama ukutani, macho kwenye skrini, anahema kama aliyepanda ngazi na mzigo.

Nikadhani ni furaha. Mumewe anarudi, nusu ya maneno na nusu ya pumzi, mbele ya watu wote.

Injinia akabonyeza faili jingine.

Safari hii haikuwa sauti yangu. Printa ilikohoa. Kiti kikaburutwa. Kisha mwanamke, karibu kabisa na meza, kwa sauti ya chini ninayoifahamu kuliko yangu:

"Funga mlango, Mwenyekiti. Shemeji ameshaondoka."

Spika ikakatika. Skrini ikawa nyeusi. Printa ikazima macho yake.

Shemeji alikuwa amechomoa plagi. Ilikuwa mkononi mwake, waya unaning'inia hadi sakafuni.

"Zifuteni," akasema. Hakumwambia Injinia. Aliniambia mimi. "Zote, shemeji. Na ya kaka yako pia."

Nikamgeukia mwenyekiti. Alikuwa ameinama chini kabisa, koti limempanda mgongoni, anahangaika kufunga kamba za viatu.

Viatu vyake havina kamba.